Upele, kupe na surra: Mfugaji wa ngamia amjue adui kabla ya kununua dawa

WAFUGAJI wa ngamia katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hupoteza mali nyingi kila mwaka kwa sababu ya viumbe wadogo ambao baadhi yao hawaonekani kwa macho. Wapo wanaochimba ngozi, wapo wanaofyonza damu, wapo wanaojificha puani, na wapo wanaoogelea ndani ya damu yenyewe. Kila mmoja ana dalili zake na dawa yake. Tatizo ni kwamba wafugaji wengi huwakabili wote kwa chupa moja, ile iliyopatikana kwa urahisi dukani au sokoni siku ya mnada.

Hasara ya kukosea si ndogo. Ngamia jike hubeba mimba kwa takribani miezi 13, huzaa ndama mmoja, na kwa kawaida hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Ndama naye huhitaji miaka minne au mitano ili afikie umri wa kuzaa. Kwa hiyo anayempoteza jike mmoja hapotezi mnyama mmoja tu, bali maziwa ya watoto, uzao wa miaka ijayo na karo ya shule.

Sensa ya mwaka wa 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na karibu ngamia milioni 3, na sehemu kubwa ya mifugo hao ilikuwa Kaskazini Mashariki. Umuhimu wa mnyama huyu umeongezeka tangu wakati huo. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, uliangamiza ng'ombe wengi katika maeneo kame, na familia zilizokuwa zikitegemea ng'ombe zikageukia ngamia ambao huvumilia kiu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyezoea ng'ombe huja na maarifa ya ng'ombe na dawa za ng'ombe. Lakini ngamia si ng'ombe mwenye nundu. Magonjwa yake ni tofauti, na mwili wake huzipokea dawa kwa namna tofauti.

UPELE

Ugonjwa wa ngozi unaojulikana zaidi ni upele, ambao Wasomali huuita cadho. Huletwa na mdudu mdogo wa jamii ya utitiri aitwaye Sarcoptes scabiei. Jike la mdudu huyu huchimba mahandaki ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na katika muda wa wiki mbili hadi tatu kizazi kipya kinakuwa tayari kutaga.

Dalili ya kwanza ni mwasho mkali. Ngamia hujikuna kwenye miti na miamba, hujiuma, huacha kula na hukosa utulivu hata wakati wa kucheua. Vidonda huanza mara nyingi kichwani, shingoni, kwapani na kinenani, mahali ambapo ngozi ni laini. Manyoya hudondoka, ngozi hutoa majimaji, kisha huwa nene, ngumu na yenye mikunjo kama ngozi ya ndovu. Ngamia aliyefikia hatua hiyo hukonda haraka, hupunguza maziwa, na ndama wake huweza kufa kwa njaa.

Upele huenea kwa kugusana. Ngamia wanaposongamana kisimani wakati wa kiangazi, mnyama mmoja mgonjwa huweza kuliambukiza kundi zima. Huenea pia kupitia matandiko ya kubebea mizigo, kamba, na miti ambayo wanyama wengi hujikunia. Ndiyo sababu mlipuko hutokea hasa wakati malisho ni haba, miili imedhoofika na makundi mengi yanakutana kwenye maji machache.

Mfugaji naye hayuko salama. Mdudu huyu huweza kuhamia kwa binadamu, hasa kwa wakamuaji na wachungaji, na kuwaletea vipele na mwasho mikononi, tumboni na mapajani. Iwapo watu wa boma wanaanza kujikuna wakati mmoja na ngamia wao, hiyo ni ishara ya kutiliwa maanani. Wanapaswa kwenda zahanati, huku mifugo nao wakitibiwa, kwani kumtibu mtu peke yake huku akirudi kukamua ngamia mgonjwa ni kazi bure.

SI KILA KIDONDA NI UPELE

Kabla ya kumchoma ngamia sindano ya upele, ni lazima mfugaji ahakikishe kwamba ni upele kweli. Kuna magonjwa mawili yanayofanana nao, na dawa ya upele haiyatibu.

La kwanza ni choa, ambalo huletwa na ukungu. Huwapata zaidi ngamia wachanga. Alama zake ni mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye rangi ya kijivu na magamba makavu, na mwasho wake huwa mdogo ukilinganishwa na ule wa upele.

La pili ni ndui ya ngamia, inayoletwa na virusi. Huanza na homa, kisha vipele vyenye maji au usaha hutokea kwenye midomo, puani na usoni, na wakati mwingine huenea mwilini. Ndama ndio huathirika zaidi. Sindano ya kuua wadudu haiwezi kuua virusi, na fedha zilizotumika hapo hupotea.

Njia ya uhakika ya kutofautisha ni kukwangua ngozi. Mtaalamu huchukua wembe au kisu butu, hukwangua ukingo wa kidonda, yaani pale ngozi nzima inapokutana na ile iliyoharibika, hadi damu kidogo itokeze, kisha hutazama magamba hayo kwa hadubini. Kukwangua katikati ya kidonda cha zamani hakusaidii sana kwa kuwa wadudu huwa wamekwisha kuhamia pembeni.

DAWA NA KIPIMO

Dawa inayotumika sana dhidi ya upele ni ivamektini, ambayo hudungwa chini ya ngozi. Dawa hii ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na wanasayansi wawili waliohusika na ugunduzi huo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.2 kwa kila kilo moja ya uzito wa mnyama. Kwa dawa ya nguvu ya asilimia 1, hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Ivamektini haiui mayai ya mdudu. Kwa hiyo sindano moja huleta nafuu tu, na mayai yaliyosalia yakianguliwa ugonjwa hurejea. Sindano ya pili baada ya takribani wiki mbili ndiyo inayokamilisha tiba. Wafugaji wengi huacha baada ya ile ya kwanza wakiona mwasho umepungua, kisha hulalamika kwamba dawa ni bandia.

Kosa jingine ni kumtibu mgonjwa peke yake. Ngamia wote wa kundi wanapaswa kutibiwa siku moja, hata wale wanaoonekana wazima, kwa sababu mdudu huweza kuwa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Matandiko na kamba huoshwa kwa dawa ya kuua wadudu au huanikwa juani mbali na wanyama kwa wiki kadhaa.

Kubahatisha uzito nako ni chanzo cha hasara. Dawa ikiwa pungufu, wadudu wenye nguvu hubaki na kuzaa wengine wasiosikia dawa; ikizidi, mnyama hudhurika na fedha hupotea. Mizani ya kumpima ngamia ni nadra kupatikana nyikani, lakini utepe wa kupimia unatosha. Mfugaji hupima kwa mita vitu vitatu: kimo cha ngamia begani, mzingo wa kifua nyuma ya sugu la kifuani, na mzingo wa tumbo unaopita juu ya kilele cha nundu. Huzidisha vipimo hivyo vitatu, kisha jibu hulizidisha kwa 50. Ngamia mwenye kimo cha mita 1.8, kifua cha mita 2.0 na mzingo wa nundu wa mita 2.3 atakuwa na uzito wa karibu kilo 414, na atahitaji dawa zaidi kidogo ya mililita 8.

Katika maboma mengine hutumika oili chafu ya magari kupakwa kwenye vidonda. Njia hii huziba ngozi, huiunguza, na sumu iliyomo huweza kuingia mwilini. Isitoshe, haiwafikii wadudu walio ndani ya mahandaki.

SWALI LA MAZIWA

Ivamektini hukaa mwilini kwa muda mrefu na hupita kwenye maziwa na nyama. Kwa sababu hiyo haipendekezwi kwa mnyama anayekamuliwa kwa matumizi ya watu. Hili ni jambo zito katika eneo ambalo maziwa ya ngamia ni chakula cha kila siku cha watoto, na pia ni biashara ya akina mama wanaoyapeleka katika mji wa Garissa na hata mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi.

Suluhisho ni kupanga. Majike wasiokamuliwa, madume na ndama walioachishwa kunyonya hutibiwa kwa sindano mapema. Kwa jike anayekamuliwa, daktari wa mifugo aulizwe kuhusu dawa ya kunyunyizia ambayo muda wake wa kuzuia maziwa ni mfupi, au maziwa yake aachiwe ndama mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Muda wa kuzuia nyama nao ni wa wiki nyingi, kwa hiyo ngamia aliyedungwa leo hafai kuuzwa kwa mchinjaji kesho.

KUPE

Kupe, au shilin kwa Kisomali, huonekana kwa macho, na kwa hiyo wengi huwadharau. Ngamia hushambuliwa hasa na kupe wa jamii ya Hyalomma, ambao miguu yao huwa na mistari ya rangi mbili, na pia na Rhipicephalus pulchellus, kupe ambaye dume lake lina mgongo wenye mapambo meupe mithili ya pembe ya ndovu.

Kupe hupenda mahali penye ngozi laini: ndani ya pua, masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele na kwapani. Mchungaji anayekagua mgongo na shingo pekee hatawaona. Madhara yake ni upungufu wa damu, majipu, na chuchu zilizoharibika ambazo hazitatoa maziwa tena. Ndama wa miezi michache ndio walio hatarini zaidi, kwani kupe wengi kwa pamoja huweza kuwamaliza damu wakafa.

Josho la ng'ombe halimfai ngamia kutokana na kimo chake na woga wake wa kuingia shimoni. Njia inayofaa ni kunyunyizia kwa pampu ya mgongoni. Amitrazi ni miongoni mwa dawa zinazotumika sana, na ichanganywe na maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Dawa iliyopunguzwa makali kwa kuongezwa maji ili itoshe kundi kubwa haiui kupe bali huwafundisha kuizoea. Amitrazi ni hatari kwa farasi, na mwenye punda wa kubeba maji ajihadhari asimnyunyizie dawa hiyo.

Mahali ambapo maji ni ya kunywa tu, kupe wanaweza kung'olewa kwa mkono, hasa kwa ndama, kila asubuhi kabla ya kutoka bomani. Wavutwe polepole karibu na ngozi ili mdomo usibaki ndani, kisha wachomwe moto. Mikono ifunikwe kwa glavu au mfuko wa plastiki, na kupe wasipondwe kwa vidole, kwa kuwa kupe wa jamii ya Hyalomma huweza kubeba virusi vya homa ya kutoka damu iitwayo Crimean-Congo. Sindano ya ivamektini isitegemewe kuwa dawa ya kupe, kwani nguvu yake dhidi yao ni ndogo.

FUNZA WA PUA

Mara nyingine ngamia hupiga chafya mfululizo, hutikisa kichwa, hukoroma na kutoa kamasi yenye damu. Wapo wafugaji wanaodhani ni mafua, na wengine hudhani mnyama amepata kichaa. Mara nyingi chanzo ni funza wa nzi aitwaye Cephalopina titillator. Nzi huyu huacha funza wachanga karibu na pua, nao hupanda ndani hadi nyuma ya koo, ambako hukaa kwa miezi mingi kabla ya kupigwa chafya na kudondoka ardhini.

Ivamektini huwaua funza hawa. Hata hivyo, ngamia anayeonyesha tabia ya ajabu asichunguzwe mdomoni kwa mkono mtupu, kwa maana ugonjwa halisi wa kichaa upo na huua binadamu. Ni busara kumtenga na kumwita mtaalamu.

SURRA: ADUI ALIYE DAMUNI

Hatari kuliko yote ni surra, ambayo Wasomali huiita dhukaan. Huletwa na kimelea aitwaye Trypanosoma evansi. Jina hilo ni kumbukumbu ya daktari wa mifugo Griffith Evans, aliyekigundua mwaka wa 1880 katika damu ya farasi na ngamia huko Punjab, India ya wakati huo.

Kimelea huyu ni jamaa wa yule wa nagana, lakini hahitaji mbung'o. Huchukuliwa na pange na nzi wengine wang'ataji, ambao hutoa damu kwa mnyama mmoja na kuihamishia kwa mwingine wakati ule ule. Nzi hao huongezeka baada ya mvua, kama ilivyotokea mafuriko yalipoikumba Garissa mwishoni mwa 2023. Upande wa kusini, karibu na Ijara na msitu wa Boni, mbung'o nao wapo, na huwaletea mifugo nagana.

Dalili zake hujificha. Homa huja na kuondoka. Ngamia hukonda ingawa anakula, nundu hupungua, utando wa macho huwa mweupe kwa kukosa damu, miguu au tumbo huvimba, na majike huharibu mimba. Wafugaji wazoefu hutambua ugonjwa huu kwa harufu ya pekee ya mkojo, na ujuzi huo umeandikwa hata na watafiti. Hata hivyo, uthibitisho ni damu. Mtaalamu huchukua tone kutoka mshipa wa sikio na kulitazama kwa hadubini. Kwa kuwa vimelea hupungua na kuongezeka katika damu, kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kumtangaza mnyama kuwa mzima. Kipo pia kipimo cha kadi kinachotafuta kinga za mwili.

Ni hapa ambapo dawa ya ng'ombe huua. Kwa nagana ya ng'ombe, wengi hutumia diminazini, unga wa manjano unaouzwa katika vipakiti na kuchanganywa na maji. Ng'ombe huustahimili. Ngamia hawezi kuustahimili hivyo; huweza kulegea, kutetemeka na kufa. Mfugaji humzika akiamini kwamba ugonjwa umemshinda, ilhali ni dawa iliyomuua. Dawa zinazotambuliwa kwa surra ya ngamia ni kwinapiramini na melasomini, na kipimo chake ni kazi ya daktari wa mifugo. Ivamektini haitibu surra hata kidogo, ingawa mara nyingi hutolewa kwa ngamia aliyekonda kwa kudhaniwa kwamba ana minyoo.

KINGA

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa katika kundi la ngamia huwa ni mnyama mgeni: aliyenunuliwa mnadani, dume la mbegu lililoazimwa, au ngamia wa mizigo aliyerudi kutoka kwa jirani. Wageni hawa wanapaswa kutengwa kwa muda wa wiki tatu, wakae boma lao, wanyweshwe baada ya wengine, na wakaguliwe ngozi, pua, masikio na chini ya mkia. Muda huo unatosha kuwadunga mara mbili dhidi ya upele na kuwapima damu. Aliye na shaka asichanganywe na majike wenye mimba.

Kutenga si rahisi mahali ambapo kisima ni kimoja na malisho ni ya wote. Lakini majirani wanaokunywesha pamoja wanaweza kukubaliana juu ya zamu za maji na siku moja ya kutibu makundi yote. Anayetibu peke yake huku jirani amelala huambukizwa tena katika msimu ule ule.

Dawa nazo zina masharti. Joto la Garissa huharibu dawa iliyoachwa juani kwenye meza ya sokoni. Mnunuzi achunguze tarehe ya mwisho, muhuri wa chupa na lebo, na anunue kwenye duka lenye mhudumu aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka wa 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini Kenya, na tangu 2013 huduma za mifugo zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo afisa wa mifugo wa wadi ndiye mtu wa kwanza kuulizwa.

Kwa mfugaji asiye na kitabu, daftari dogo au kumbukumbu katika simu inatosha: jina la ngamia, tarehe ya dawa, aina ya dawa, kiasi, na siku ambayo maziwa yataruhusiwa tena. Daktari akifika na kukuta kumbukumbu hizo, atajua kilichokwisha kujaribiwa na hatarudia kosa. Na ikiwa hakuna mtaalamu karibu, mfugaji asimdunge ngamia unga wa manjano wa ng'ombe kwa kubahatisha. Surra humdhoofisha ngamia polepole, mara nyingi kwa wiki na miezi, na muda huo hutosha kumtafuta mtaalamu. Sindano isiyomfaa humuua kwa siku moja.